Kwa Ajili ya Macho ya Watu

Mwakingali, Voi
9 Februari 2025

Mpendwa Lynn,

Natumai baridi ya Nyahururu imekuzoea, kama wewe umekataa kuizoea. Sisi huku ni wazima. Joto la Voi unalijua, lakini la mwaka huu limezidi. Hata kuku wa jirani wanashinda chini ya gari wakihema. Baba yako alishuka kutoka Mghange juzi akaniletea kabichi na ndizi. Mgongo unamsumbua lakini jembe haliachi. Nilimwonyesha picha yako ya siku uliyopokea shela ya unovisi ukaanza safari ya usista, akaiangalia wee, halafu akasema tu, "Mama yake angekuwa hai angefurahi." Hiyo ndiyo hotuba yake yote. Quinter wa hapa jirani, mke wa Ochola wa reli, anakusalimu sana.

Tangu mkabidhi simu zenu mlipoingia unovisi, kalamu yangu imepata kazi, na leo ina kazi zaidi. Nimenunua laptop.

Usicheke. Miaka yote niliyopiga taipu katika ofisi za Wundanyi, unadhani vidole vyangu vimesahau? Parokia inatafuta mtu wa kuandika historia yake, kitabu cha jubilei. Padri aliuliza kwenye mkutano nani ana kompyuta. Watu wote wakatazama viatu vyao. Nikainuka nikasema, "Mimi nitakiandika, na sitaki malipo." Wakapiga makofi, Lynn. Kesho yake ndiyo nikaenda kuitafuta hiyo kompyuta.

Si mpya, na si mtumba vilevile. Ilitumika ng'ambo, ikafunguliwa, ikasafishwa, ikabadilishwa vilivyoharibika, ikafungwa tena. Kijana mwenye duka, Maundu, alinieleza mambo mengi kuhusu betri na nini na nini, nikamwambia, "Mwanangu, najua." Akasema nikiona hainifai niirudishe ndani ya wiki mbili, hataniuliza kitu. Kijana mwenye adabu.

Nimeiweka chumbani mwako, juu ya ile meza uliyokuwa ukisomea. Chumba kimepata mtu.

Shangazi yako,
Gertrude Mkawasi


Nyahururu
2 Machi 2025

Kwa Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia siku ya zamu yangu ya jikoni, nikaisoma nimeegemea gunia la viazi, na nikacheka mpaka mwenzangu akauliza kuna nini. Hongera kwa laptop! Nakuona umevaa miwani, umenyoosha mgongo, hutaki mtu akusemeshe.

Mimi ni mzima. Nimekabidhiwa banda la kuku. Ni kuku wengi na kila mmoja ana tabia yake. Kuna mmoja mweupe anayetaga nje ya banda makusudi, nami kila asubuhi namtafuta kwenye ua wa miiba ya kei-apple hadi mikono inachanika. Kuna jogoo anayemwogopa mtetea. Baridi ni kali. Maji ya kunawa asubuhi yanauma meno ya vidole, kama vidole vingekuwa na meno. Tumevuna viazi. Tunapanda karoti.

Msalimie baba. Mwambie asibebe gunia peke yake.

Wako,
Lynn


Voi
30 Machi 2025

Mpendwa Lynn,

Tumefika Kwaresima katikati na mvua bado haijashuka. Huko Ndara wenye ng'ombe wanalia. Baba yako amepanda mahindi akitazama juu. Quinter amepata mjukuu wa kike.

Kazi ya kitabu inaendelea vizuri. Watu wananiuliza kila Jumapili, nami nawajibu kwamba imefika mahali pazuri.

Na kuna jambo jingine zuri zaidi. Nimeanza kupanga safari ya nadhiri zako za kwanza mwezi wa Desemba. Tutakodi basi zima. Akina mama wa parokia watashona kitenge cha namna moja, na kwaya imeomba viti vyake. Hakuna msichana wa mtaa huu aliyewahi kufika hapo ulipofika wewe. Nikipita sokoni wananiita Mama Sista. Mimi, ambaye sikuzaa!

Kuhusu laptop sina la zaidi.

Shangazi


Nyahururu
27 Aprili 2025

Kwa Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Hongera kwa Mama Quinter.

Yule kuku mweupe amelalia mayai. Nilimwacha, na sasa ana vifaranga. Mvua imeanza kwa nguvu na banda linavuja upande mmoja, kwa hiyo nimeomba mabati mawili ya zamani nikayapigilia mwenyewe.

Basi zima ni watu wengi, Shangazi. Hakuna haja ya kuharakisha kukodi. Desemba ni mbali.

Wako,
Lynn


Voi
6 Julai 2025

Mpendwa Lynn,

Nisamehe kwa kimya kirefu. Sikuwa mgonjwa. Baba yako ni mzima, na mahindi yalipona kwa mvua ya mwisho. Nilikuwa nikianza barua na kuichana, kwa sababu kila nilipofika kwenye habari za kitabu kalamu ilikuwa inaandika uongo.

Hakuna kitabu, Lynn. Hakuna hata ukurasa.

Ile laptop haina kosa kubwa. Betri yake haishiki chaji, basi. Lazima iwe kwenye stima saa zote, na stima ya Voi unaijua. Nilichapa habari za makatekista wa kwanza, nikachapa jinsi walivyobeba mawe ya msingi kichwani, nikafika kwenye harusi ya kwanza ya parokia, stima ikapotea. Iliporudi hapakuwa na katekista wala bibi harusi. Kwenye taipureta, ulichopiga kimepigwa. Sikujua kwamba huku unapaswa kuiambia mashine ihifadhi. Nikaanza upya, nikahifadhi mahali nisipopajua, na mpaka leo sipaoni. Tena herufi zenyewe ni ndogo kama chawa. Nikiangalia kidogo tu machozi yanatoka.

Wiki ya kwanza nilijua. Nataka nikuambie hilo wazi. Wiki ya kwanza tu, nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, moyo uliniambia, "Gertrude, hiki kitu si chako." Na muda wa kurudisha ulikuwepo. Lakini ningepita nacho vipi barabarani, na watu walikwisha kunipigia makofi? Nikasema nitazoea. Nikaacha wiki mbili zikaisha. Zilipoisha nilipumua, kana kwamba nimeamuliwa na mtu mwingine.

Sasa nimeifunika kitambaa cha kufuma. Wageni wakija wanakitazama kile kitambaa kwa heshima.

Usimwambie mtu. Ingawa huko utamwambia nani, kuku?

Shangazi


Nyahururu
27 Julai 2025

Kwa Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko barua yoyote tangu nije hapa. Asante kwa kuniambia. Usijione mjinga. Kila mtu angeweza kufanya hivyo.

Nina maswali, kama hutachoka. Umesema ulijua wiki ya kwanza. Ulijuaje kwamba ni moyo unasema, na si uvivu tu, au hofu ya kitu kipya? Mtu anatofautishaje? Na yule kijana wa duka, je, ukimrudishia sasa, muda umepita, atakudharau? Wale waliokupigia makofi, unaogopa watasema nini hasa? Yaani maneno yenyewe.

Kuku ni wazima.

Lynn


Voi
17 Agosti 2025

Mpendwa Lynn,

Baba yako anakusalimu. Amepata soko la kabichi mjini hapa, kwa hiyo namwona kila wiki, na kila wiki tunabishana kuhusu chumvi kwenye mboga. Mjukuu wa Quinter anakaa sasa.

Nimefanya. Maswali yako ndiyo yaliyonisukuma. Nilijaribu kujiuliza watasema maneno gani hasa, nikaona ni machache, na nilikwisha kujiambia yote mwenyewe.

Nilianza kwa Maundu. Niliibeba kwenye kikapu cha soko, imefunikwa majani ya sukumawiki. Alikuwa anafungua redio ya mtu. Nikaiweka mbele yake.

"Mama, si nilikuambia hii betri imechoka?"

"Uliniambia."

"Nawe ukasema?"

"Nikasema najua."

Akatabasamu, lakini si kwa dharau. Nikamwambia, "Sitaki unirudishie zote, maana kosa ni langu. Nipe unachoona ni haki." Akaigeuza, akaifungua, akasema haina hata mkwaruzo. Akanipa pungufu ya nilichotoa. Ni hasara, na inauma. Lakini nilitoka pale kikapu chepesi, nikapita kwa muuza samaki nikamsalimia mwenyewe kabla hajaniita. Ndipo nikajua kwamba kwa miezi hiyo yote nilikuwa napita njia ya nyuma.

Jumapili, baada ya misa, kamati ya jubilei ilikaa ukumbini. Mwenyekiti, mama Shanice, akauliza kama kawaida, "Mama Gertrude, kitabu kimefika wapi?"

Nikasimama. "Hakuna kitabu. Nilinunua kompyuta nisiyoiweza, kwa sababu mlikuwa mnanitazama. Nimeshairudisha."

Wakatazama viatu vyao tena, Lynn. Nikasikia feni.

Halafu Quinter akaanza. Unajua kicheko chake. "Wewe mama! Na sisi kila Jumamosi tunakuombea macho kwa sababu unachapa!" Wote wakaangua kicheko. Nami nilicheka. Kuna mmoja ambaye hakucheka, akasema mtu akiahidi kanisa ameahidi Mungu. Nikamjibu kwamba Mungu alikuwa anajua tangu Februari kwamba hakuna kitabu, na hakunifukuza. Sijui nilitoa wapi jibu hilo.

Vijana wamesema wataandika kwa simu zao, mimi nisimulie. Hilo nalo liliuma kidogo, kwamba walikuwa na njia wakati wote. Lakini nasimulia. Walinisema mtaani kama wiki moja, kisha bomba la maji likapasuka pale stendi, wakapata la kusema.

Basi la Desemba limepatikana. Tumelipa malipo ya kwanza.

Shangazi


Nyahururu
31 Agosti 2025

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Umefanya vizuri. Nimefurahi.

Ile hasara, bado inauma? Inauma kila siku au unasahau? Na ukipita chumbani, mahali ilipokuwa, unajisikiaje? Kuna siku unatamani ungevumilia kidogo zaidi?

Samahani, leo sina habari.

Lynn


Voi
10 Septemba 2025

Lynn mwanangu,

Leo sisalimii. Salamu zitakuja mwisho.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaenda kufua. Nikiwa nasuuza shuka nikasimama. Nikarudi ndani na mikono yenye povu nikatoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Kuku, baridi, viazi, karoti, mabati. Hakuna mahali umeandika kwamba una furaha. Hakuna mahali umetaja nadhiri, isipokuwa pale ulipoomba nisiharakishe basi. Mimi niliona ni adabu yako tu.

Wewe huulizi kuhusu kompyuta.

Kama nimekosea, nicheke, nami nitacheka nawe. Kama sijakosea, basi nisikilize. Mimi ni mtu mzima aliyevaa heshima ya mtoto wake kama kitenge kipya. Mama Sista, Mama Sista. Nililipenda jina hilo. Nikiwa mkweli bado nalipenda. Lakini nilikulea wewe, sikulea jina. Mama yako alipofariki na baba yako akakuleta kwangu na begi la shule, hukunipa sifa yoyote. Ulinipa chawa na surua, na nikakupenda vilevile.

Umeniuliza kama hasara inauma. Inauma siku ya kuirudisha, na siku chache baadaye. Kile kingine, cha kukaa na kitu nikijua si changu, kiliuma kila siku na kilikuwa kinaongezeka. Ukiniuliza kama natamani ningevumilia, hapana. Natamani ningeirudisha mapema, basi.

Je, nilikusukuma? Niambie bila adabu.

Sitakuambia ubaki wala utoke. Kama wito ni wako, kaa, nami nitakuja Desemba nicheze mpaka viatu vikatike. Kama si wako, muda wako wa kurudi bado upo. Usingoje uishe ili upumue.

Wote hatujambo.

Gertrude


Nyahururu
28 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimelia, kisha nimelala, kisha nimekula vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Hukukosea. Na hukunisukuma. Nilikuja kwa miguu yangu. Nilipenda sala, bado nazipenda. Nilipenda pia jinsi kila mtu alivyonitazama siku ile ya kuagwa, na nikadhani yote mawili ni kitu kimoja. Tangu mwaka jana najua sivyo. Wenzangu wakiingia kanisani asubuhi nyuso zao zinafunguka. Mimi uso wangu unafunguka bandani. Nilijiambia ni kishawishi. Nikaongeza mifungo. Halafu nikawaza lile basi, na kitenge, na wewe umesimama mbele ya watu, nikaona afadhali niape tu kuliko kukuaibisha.

Juzi nilikwenda kwa mlezi wetu, Sista Mideva. Nilikuwa nimejiandaa kukemewa. Alifunga mlango, akaketi kando yangu badala ya nyuma ya meza, akasema, "Nilikuwa nakungoja, lakini hatua hii isingekuwa yako kama ningeianza mimi." Akasema unovisi uliwekwa ili mtu ajichunguze kabla hajaahidi, na anayeondoka kwa ukweli hajashindwa. Kisha akauliza nani atamtunza yule kuku mweupe, tukacheka wote wawili.

Nitaondoka baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Naogopa, Shangazi. Ninyi mmeshalipia basi. Baba sijamwambia. Sijui atanitazama vipi. Nitarudi nikiwa nani?

Lynn


Voi
12 Oktoba 2025

Lynn mwanangu,

Sisi ni wazima, na mvua za vuli zimetuonea huruma mapema. Huko milimani ukungu umefunika mpaka Wundanyi.

Nimewaambia akina mama. Sitakudanganya kwamba wote walipokea vizuri. Mmoja aliuliza, "Amefukuzwa?" Nikasema, "Hapana, anarudi." Akauliza kwa nini. Nikasema, "Kwa sababu ana kwao." Mwenye basi amekataa kurudisha malipo, lakini Quinter amepata wazo: kwaya italitumia kwenda hija. Kwa hiyo watu watapanda na nyimbo zitaimbwa, ila si zako. Nilijifungia chooni nikalia kidogo kwa ajili ya lile jina langu. Nikanawa uso. Nimemaliza.

Nakuja kukuchukua mwenyewe. Nitapanda treni mpaka Nairobi, halafu nitauliza njia. Usiniambie nisije.

Kuhusu baba yako. Nilipanda Mghange kumwambia ana kwa ana. Nilimkuta shambani, nikasema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu ningeketi ningeanza kuzunguka. Alichomeka jembe ardhini, nikadhani amekasirika. Halafu akauliza, "Anakula? Amekonda?"

Nikasema sijui.

"Akija asikae Voi na lile joto. Alete miguu yake huku. Kuna nafasi ya banda pale nyuma ya jiko. Mbao ninazo."

Nikamwambia, "Josephat, mtoto nimemlea mimi. Chumba chake kiko kwangu."

"Umekaa naye miaka yote hiyo. Mimi je?"

"Na mgongo wako huo utajenga banda gani?"

"Ndiyo maana namtaka!"

Tukagombana hapo kwenye matuta kama watoto, yeye na mbao zake na mimi na chumba changu, mpaka majirani wakatoka nje kutazama. Nimeshuka hatujapatana, na leo asubuhi amenipigia simu kuendeleza.

Umeniuliza utarudi ukiwa nani. Hilo sijui. Ninachojua ni kwamba hapa kuna wazee wawili hawasemezani vizuri kwa sababu yako.

Njoo utuamue.

Shangazi yako,
Gertrude